Mkono wa Kwanza kwenye Pikipiki ya Lemi

Jumatatu, 8 Machi 1976

Nimeivua shuka. Basi!

Imesimama kwenye kona ya tukuli, nyumba yetu ya msonge, tangu tulipomzika Lemi mwaka jana, imefunikwa kama mgonjwa, na kuku wa mama mkwe wametaga juu ya kiti chake. Nimeitazama hadi nikachoka. Pikipiki ya Kiingereza, kuukuu kuliko ndoa yetu. Mume wangu Lemi aliinunua Arua tukiwa bado wakimbizi, akaileta Juba vipande vipande juu ya lori tulipoambiwa vita vimekwisha, rudini kwenu. Mkuki wa baba yake ulipotelea njiani tulipokuwa tunakimbia. Ng'ombe ndiyo usiseme. Tulirudi na sufuria na pikipiki.

Leo Matroni Victoria katuambia wakunga wote: zahanati ya njia ya Terekeka haina mtu, wanawake wanajifungulia porini. Nani ataenda? Kisha akajijibu mwenyewe — ataenda na nini, na miguu? Lakini tangu saa ile moyo haukai kitako. Nimepika asida, ugali wetu wa mtama, ikaungua.

Naandika Kiswahili kwa sababu uani hapa hakuna mwingine anayekisoma. Shemeji Lodu, ndugu wa Lemi, anasoma Kiarabu. Mama mkwe hasomi kitu, ila anaona kila kitu.

Jumatano, 10 Machi

Nimekwenda Kator kwa Paulino, yule fundi aliyekuwa gereji Kampala. Kasema atakuja. Nimefurahi mno, nimemnunulia hata sukari!

Amekuja. Kasimama chini ya rakuba, kibanda cha kivuli, mbali, mikono nyuma. Nikamwambia karibu, fundi, mgonjwa huyu hapa. Hakusogea.

"Sista, mimi hapana gusa. Hii kitu ya marehemu, na matanga bado. Mwanaume ya nje ikigusa, watu watasema iko nataka mjane."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mama mkwe, Teresina, alikuwa pale pale anabangua karanga, akasema fundi ana adabu. Kwa ukoo wao, kitu cha marehemu kikiguswa na mwanamume kabla ya kuanua matanga, mkono huo wa kwanza umejitangaza. Umetaka nafasi ya marehemu. Nikauliza: na mkono wangu mimi?

"Wa mwanamke hauhesabiwi," kasema, akatema ganda.

Haya. Kama hauhesabiwi, nitautumia! Paulino kaketi kwenye ndoo, kachukua kijiti kirefu. Yeye anaonyesha kwa kijiti, mimi nafungua. Mama mkwe katikati yetu na karanga zake, kama polisi.

Ijumaa, 12 Machi

Tangi limejaa petroli ya mwaka jana, inanuka kama rangi iliyooza. Nimemwaga. Kutu nayo ikatoka. Nimetia kokoto na mafuta ya taa, nikalitikisa hadi mabega yakalia. Mama mkwe anauliza kama ninachunga mtama.

Mikono inanuka hata baada ya sabuni. Matroni kanifukuza wodini nikaoge upya.

Jumapili, 14 Machi

Misa Kator. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafungua kabureta kichwani mwangu.

Nyumbani nimeifungua ya kweli. Nikatandika kitenge, nikapanga vipande kwa mfuatano kama nilivyovitoa, jinsi tunavyopanga vyombo kabla ya mama kujifungua. Nikaosha, nikapuliza vitundu, nikarudisha. Ikabaki sindano moja ndogo ya shaba. Wee! Paulino kaitazama kwa mbali, akatazama mbingu.

"Sista, mtoto ikitoka, wewe nabakisha mkono yake pembeni?"

Nimefungua tena. Yote. Nimelia kidogo, si kwa ajili ya sindano. Lemi alikuwa anafanya kazi hii akipiga mluzi, na mimi nikimwambia anyamaze mtoto wa jirani amelala. Laiti ningemwacha.

Alhamisi, 18 Machi

Hakuna cheche. Plagi nimeisugua inang'aa, nimeiegemeza kwenye chuma, nimepiga kiki — hakuna. Giza tupu.

Paulino anasema tatizo ni vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, yeye anaviita pointi. Vimeota uchafu. Nikavisugua kwa msasa. Nafasi katikati yake iwe unene wa kadi ngumu, kasema, basi nimekata pembe ya kadi ya kliniki ya watoto. Imeingia sawasawa. Nikapiga kiki, na cheche hiyo — ya buluu! Nimepiga kelele hadi mama mkwe kadondosha ungo. Nimemwonyesha. Akasema kumbe moto wenyewe mdogo hivyo.

Jumanne, 23 Machi

Petroli hakuna Juba nzima. Meli ya mizigo haijafika, malori ya Kenya hayajafika, kila mtu anasema bukra, bukra, kesho yao isiyofika. Ndege zinapita juu ya mtaa wetu wa Hai Malakal kila siku, mafuta yao yanatoka wapi? Siwezi kukaa, siwezi kulala mchana. Nimefagia ua mara mbili.

Nimejifunza gia ikiwa imezima. Natia klachi, nasukuma kwa mguu, naachia polepole. Baiskeli naijua tangu Arua, haya mengine ni mikono tu.

Jumamosi, 27 Machi

Goretti wa maabara kanipa petroli kikombe. Kikombe tu!

Nikafungua mafuta, nikapiga kiki. Na tena. Na tena. Ikanirudishia teke la mfupa wa goko, nikaona nyota mchana. Mjane wa nyumba hii havai viatu uani mpaka matanga yaanuliwe, kwa hiyo napiga kiki peku. Paulino kakasirika kweli: hii mashine inaweza kuvunja mguu, hapana piga bila viatu, mtu anayetaka kufika anavaa viatu! Mama mkwe kasema hapa hakuna anayekwenda popote.

Nikapiga tena. Ikakohoa. Ikakohoa — ikaunguruma! Moshi, kuku hewani, watoto wa jirani wanakimbilia ukuta wa matete. Nilitia ile pembe yangu ya kusikilizia mimba kwenye ubavu wa injini, sikio upande wa pili. Tuk-tuk-tuk-tuk. Moyo mzima kabisa. Halafu kikombe kikaisha.

Nina furaha. Naiandika ili niione: nina furaha.

Jumapili, 4 Aprili

Mungu wangu.

Wazee wamekaa jana kwa Lodu. Siku ya kuanua matanga ni Jumamosi baada ya Pasaka. Siku hiyo kitu cha marehemu, kwa kawaida mkuki, kinatolewa mbele ya watu, ndugu yake anakipokea, na anayekipokea anaketi mahali pa marehemu. Tukuli, kitanda, mjane. Mimi! Hilo nililijua tangu mwanzo. Lakini mkuki ulipotea, na wazee walikuwa wametaja kiti cha Lemi, kile cha miguu mibovu, na Lodu akasema nani anataka kiti, tungoje. Alikuwa anangoja mwaka mzima. Nilidhani atangoja milele.

Sasa ameisikia pikipiki. Hai Malakal yote imeisikia. Amesema: khalas, imekwisha, hiyo ndiyo mkuki wa ndugu yangu, nitaipokea.

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nimelichuma peke yangu, na mafuta ya taa nikaliosha.

Shemeji kapitia jioni. Kaleta sukari na chai. Si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi. Kasema atanitunza, sitakosa kitu. Nikamuuliza kuhusu Terekeka. Kacheka kwa upole: mke wangu alale porini na wagonjwa? Hapana, utaacha hospitali, utamsaidia mke mkubwa, Keji, na watoto. Kisha akaipapasa pikipiki kwa macho tu. Hata yeye hathubutu kugusa kabla ya siku.

Jumanne, 6 Aprili

Nimechukua nyundo. Nimeiinua juu ya injini.

Sikuweza. Nimesafisha kila kipande cha chuma kile. Nimeketi chini, nyundo mapajani, nikamtukana Lemi kwa kufa. Kweli, nimemtukana! Homa ya siku mbili, mwanamume mzima, unaniacha na hili?

Paulino kanikuta hivyo. Kageukia ukuta, akasema kana kwamba anauambia ukuta: kwa nini mtu avunje? Plagi ikitoka, imekufa. Plagi ikirudi, imefufuka. Mtu asiyejua ataangalia huko chini mpaka jua litue. Akasalimia mama mkwe, akaenda zake.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimemwambia Matroni Victoria niandikeni mimi, Terekeka. Kanitazama mguu uliovimba. Kasema nafasi ipo, lakini niwe kule mwisho wa mwezi, na asitokee mwanamume kesho yake kunidai mlangoni kwake. Nikasema sawa. Sawa nini? Sijui.

Kama pikipiki haiwaki siku ile, haipokeleki, lakini wataahirisha tu. Watatafuta fundi, wataisubiri. Plagi mfukoni ni kuchelewesha, si kupona.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Keji kaja. Mke wa Lodu! Nilikuwa nasonga asida ya kufungulia, nikashika mwiko kama fimbo. Tumekuwa tukipitana kisimani bila salamu tangu wazee wakae.

Kasimama, mtoto mgongoni, chupa mbili chini ya kanga. Kasema: "Mke mwenzangu, nipishe nikae, miguu inaniuma." Nikamwambia mimi si mke mwenzako. Kasema ndiyo maana nimekuja.

Chupa ni petroli. Ameivuta kwa mpira kutoka lori la kazini kwa Lodu, amemeza kidogo, midomo imemchubuka na pumzi inanuka. Nikampa maziwa. Tukatazamana, tukacheka, tukacheka hadi mtoto kaamka analia. Kisha hakucheka tena. Kasema sikuchukii, Santina, wala wewe huna kosa. Lakini chumba kimoja, chungu kimoja, watoto wanne. Nikikuona umeingia na kitanda chako nitakuchukia, najijua. Nenda kabla sijaanza.

Nikasema nitaendaje, siku yenyewe wazee wote wako uani?

"Si uliambiwa mkono wako hauhesabiwi?" Kumbe mama mkwe kampa hadithi yote. "Mkono usiohesabiwa nani ataulinda?"

Nimeficha chupa chini ya kitanda. Usiku huu sina usingizi wala sala.

Jumatano, 21 Aprili

Pasaka imepita. Wanawake wanapika pombe ya marisa, ua mzima unanuka mtama uliochachuka. Nimekaza mnyororo, nimejaza upepo, nimetia oili. Breki ya nyuma inalia lakini inashika. Mama mkwe kaketi pembeni kutwa. Nimedhani atauliza. Kauliza tu kama Terekeka kuna samaki.

Sikumwambia mtu yeyote uani habari za Terekeka, ila Lodu. Lodu alimwambia? Au kuta?

Nikasema wapo, Mama. Kasema mumewe alikuwa akimletea samaki wa kule, zamani. Mume alipokufa, Mama mwenyewe alipokelewa na shemeji yake, na huyo hakupenda samaki. Halafu akaendelea kubangua.

Jumamosi, 24 Aprili

Asubuhi. Watu wamejaa. Wamenyoa nywele zangu, wamenimwagia maji, nimelia inavyotakiwa na zaidi. Petroli ya Keji iko tangini. Plagi iko mfukoni. Sijaamua lolote.

Baadaye — haraka, nina muda kidogo tu.

Pikipiki tumeisukuma sisi wanawake hadi katikati ya ua. Mzee kasema maneno, Lodu kasogea kuipokea, kapanda. Shati jeupe, jipya. Akapiga kiki. Akapiga. Watu wakapiga vigelegele mwanzoni, kisha wakapunguza. Akapiga hadi shati likamganda. Keji alikuwa anagawa marisa, hakuinua uso. Mtu kasema marehemu amekataa. Lodu kashuka, uso umemjaa aibu, na nikamwonea huruma, kweli nimemwonea. Wametuma baiskeli Kator kumwita katekista na maji ya baraka. Wote wanangoja.

Ndipo mama mkwe kainuka kwenye mkeka wake. Kasema: mke wa Lemi ndiye aliyekuwa akiiwasha. Aiwashe yeye, kisha amkabidhi shemeji yake. Mzee akanung'unika, mkono wa kwanza je? Mama mkwe kamjibu mbele ya wote: wa mwanamke hauhesabiwi, au leo unahesabiwa? Wamecheka. Hata Lodu kacheka, kapangusa jasho, kasema haya, fundi wetu aje.

Nimeomba niingie tukuli nichukue spana. Spana nimeichukua, plagi bado iko mfukoni. Pembe ya kusikilizia iko kwenye mkoba, na gauni la kazi, na daftari hili litaingia sasa hivi. Kitenge nimekifunga katikati ya miguu. Lango la matete liko wazi kwa ajili ya katekista. Nimemwona Paulino amesimama pale nje, mikono nyuma, anawasogeza watoto pembeni ya njia.

Wananiita. Santina! Santina!

Mama mkwe yuko mlangoni, kauziba mwanga. Haniangalii usoni. Anauliza, kwa sauti ya chini ambayo wao hawasikii, kwa nini nimevaa viatu —