Hamsta Watatu Wasio na Macho na Kadi ya Bi Edna

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi kwa sababu moyo wangu hautulii. Nafuga hamsta wa maonyesho, wale vipanya wanono wa kufugwa, hapa Keighley, Uingereza, mwaka wa nne sasa, na kila nijualo nimefundishwa na Bi Edna Sugden, mwamuzi wa chama chetu, mjane wa miaka themanini na moja ambaye hana mtu nyumbani isipokuwa hamsta wake, na somo lake la kwanza lilikuwa kwamba hamsta wa chengachenga, yaani mweupe aliyenyunyiziwa nywele za rangi, hapandishwi na chengachenga mwenzake, maana baadhi ya watoto huzaliwa weupe pe bila macho. Basi majira ya kuchipua alinipa dume lake, kadi ya ukoo ikasema ni krimu tupu, lakini nilipomgeuza niliona tumbo jeupe na weupe ubavuni, dalili za chengachenga, nikauliza kwa woga, naye akanijibu, "Kadi yangu haijadanganya miaka thelathini, mwanangu," nami nikampandisha na jike langu la chengachenga. Wakazaliwa tisa, na ndugu zao walipofumbua macho, watatu hawakuwa na cha kufumbua. Niliona aibu, nikakiambia chama kwamba mama yao kawala wote, na kila mtu akaamini kwa kuwa hutokea, huku wote tisa wako jikoni kwangu. Kumbe Bi Edna haoni vizuri. Mwezi uliopita alinivuta pembeni ya meza ya chai, akanong'ona, "Niambie huyu ana rangi gani, mwanangu, mwanga wa humu hovyo," na mwanga ulikuwa mzuri tu; nikamtajia rangi, nikaenda zangu. Jumamosi anawapa wanachama wapya wawili ndugu za dume lile, na wote wawili wana majike ya chengachenga. Nikisema, watamvua uamuzi na atabaki na kuta nne. Nikinyamaza, watazaliwa wengine. Nampenda kama mama. Nifanye nini?

Mwenye Siri Jikoni

Mwenye Siri, pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimemwonea huruma Bi Edna, kisha wewe, kisha wale watatu ambao hawakuomba kuzaliwa hivyo.

Lakini nikugombeze kidogo. Wewe una macho mazima, na uliliona tumbo lile. Uliiamini kadi kuliko macho yako kwa sababu aliyeiandika ni mkubwa wako, na hiyo si heshima, ni woga uliovaa nguo za heshima. Halafu ukamsingizia jike wa watu kuwa kala wanawe! Mficha maradhi, kilio humfichua.

Unadhani Bi Edna hajui kwamba haoni? Mtu mwenye fahari yake hakuvuti pembeni kukuuliza rangi bila sababu. Alikuwa anakuomba msaada kwa njia pekee aliyoiweza, nawe ukamjibu rangi ukaondoka.

Usingoje Jumamosi, na usiseme neno ukumbini mbele za watu. Kesho asubuhi nenda kwake na keki, mchemshe chai, kisha mwekee mmoja wa wale watatu kiganjani na umwache apapase. Vidole vya miaka thelathini vitajua bila wewe kusema. Atalia, mwache alie. Kisha nawe ungama kwake uongo wako, ili aibu isiwe yake peke yake. Mkubaliane kwamba madume hayatoki na kwamba atakiandikia chama barua mwenyewe. Uamuzi ataachia, ndiyo, na itamuuma. Lakini hamsta wake si lazima awaache.

Baada ya hapo chukua kalamu na kadi zake zote, mgeuze kila mnyama tumbo juu, na umsomee Bi Edna unachokiona. Aliuliza rangi gani. Mjibu tena, na safari hii usiondoke.