Mikono Miwili ya Kushoto

Mshauri mpendwa, nakuandikia akili haijatulia, na fundi cherehani asipotulia akili ujue nguo za watu ziko hatarini, kwa hiyo nisaidie upesi. Miaka mitatu iliyopita mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa kitandani, mimi ndiye namuuguza, nimechoka hoi, basi wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja baada ya kupotea wiki nzima, akafungua kabati kutafuta shuka, nami ulimi ukaniponyoka, nikamwambia mbele ya wageni, "Umekuja kumwona mama au kuchungulia vya kurithi?" Akatandika shuka, akaondoka, na mama mkwe alikuwa macho, anasikia yote. Tangu mama azikwe, mimi na wifi ni kutikisiana vichwa tu tukikutana.

Sikujua pa kuanzia na wifi, nikaanza na Mungu. Nimefunga, nimelia, nimewachosha wenzangu wa kikundi cha sala, naomba ishara moja tu kwamba nimesamehewa, hata ndoto, wapi! Sasa Jumanne moja niko dukani natunga uzi, namwona wifi mlangoni na kitambaa cha buluu, anasema, "Mama aliniachia hiki siku zake za mwisho. Alisema ukishone wewe, si fundi mwingine." Nikampima bila kumtazama usoni, akili haipo, nikasahau kugeuza karatasi ya kukatia, nikakata mikono ya gauni yote miwili ya kushoto, na kitambaa kimeisha! Alipokuja kujaribu nilishajiandaa kutukanwa. Akaingiza mkono wa kulia, nguo ikampinda begani, akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akakalia meza ya pasi. "Wifi, sasa hii nivae nikienda wapi? Toa mikono yote, mabega ninayo mazuri." Akiondoka akasema, "Na Jumapili uje tule kwangu. Jumapili zote nipo."

Nikajibu nitaangalia. Jumapili mbili zimepita sijaenda, naona sistahili kukaa meza ile kabla sijatakasika, nimeanza tena kufunga, ila sijui siku ngapi zinatosha. Nifunge saba au arobaini?

Ni mimi, Fundi Mwenye Aibu

*

Fundi wangu, pole, lakini nawe una vituko! Umeomba ishara miaka mitatu, imekuja dukani kwako kwa miguu yake, ukachukua futi ukaipima kifua na kiuno, halafu unaniuliza iko wapi. Ulitaka ije na radi? Neema ya Mungu haina sare. Mara nyingi inaingia wakati sisi tumeshughulika, tena tumeharibu kazi.

Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Mama mkwe alisikia ulichomwambia binti yake. Alisikia, akalala nacho, na bado akasema kitambaa ukishone wewe, mafundi wote hawa walivyojaa. Yule mama alijua nyie wawili hamtakutana bila sababu, akawatengenezea sababu. Ulisamehewa kabla hujafunga hata siku moja. Na wifi yako amekaa na kitambaa hicho miaka mitatu akitafuta moyo wa kuvuka mlango wako. Hapo nilifuta macho, sikufichi.

Ila usidhani nakupongeza. Ulimdhalilisha mtu mbele ya wageni, na mpaka leo hajasikia neno "samahani" kutoka kwako. Kikundi kizima cha sala kinajua unajuta, yeye hajui. Mwenzio amekuandalia sahani Jumapili mbili, wewe umejifungia chumbani unataka kustahili kwanza. Bibi wee, huo si utakatifu, ni woga. Na kama neema ingekuwa ya wanaostahili, sote tungelala njaa.

Jumapili hii nenda. Maliza gauni, lipige pasi, umpelekee. Mlangoni, kabla hujakaa, mwambie: "Wifi, maneno niliyokwambia pale kabatini yalikuwa mabaya, nisamehe." Ishia hapo. Usianze kueleza ulivyokuwa umechoka, wala usimhubirie. Akilia, lia naye. Akikutania kuhusu mikono, mwache akutanie, ni haki yake.

Na kama siku hiyo bado umefunga, hakuna neno. Ukafungulie mezani kwake.