Ile "Iache" Uliyosema kwenye Simu

Baba yangu mzazi, shikamoo. Na tena shikamoo, maana najua hiyo ya kwanza Wifi Nyamisi ameisoma kwa sauti ya kanisani na wewe umesema "eeh?" Wifi, nakuomba usome kwa sauti ya mnadani, na ukae upande wa sikio lake la kulia.

Baba, umeamkaje huko Bweri? Nyonga inasemaje asubuhi ukiinuka kitandani? Ile dawa ya kuchua niliyompa dada wa Butiama aliyekuwa anarudi likizo, ilifika au imeishia kwenye miguu ya watu wengine? Na ng'ombe wako waliobaki Kiriba, yule uliyemwachia anawapeleka majini mapema au anasubiriga mpaka jua liwaunguze? Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nafanya kazi, baridi ya huku Ujerumani imeniingia mpaka kwenye kucha lakini sijalala kitandani hata siku moja. Samaki wao tu ndio wamenishinda. Nikikumbuka sato wa Musoma, kijiko nakiweka chini.

Nakuandikia barua hii kwenye simu ya Wifi akusomee, kwa sababu kuongea kumetushinda, Baba. Mimi napiga kelele huku mpaka wenzangu kazini wanadhani nagombana, wewe huko unaitika "ndiyo, ndiyo" kwa maneno ambayo sijayasema. Na safari hii jambo lenyewe siyo la kuitikia ndiyo ndiyo. Ni la gari yangu.

Wiki mbili zilizopita nilikuuliza, "Baba, ile gari, nifanyeje?" Ukakohoa. Halafu ukasema neno moja: "Iache." Ukampa Kaka Mafuru simu yake, ukaenda zako.

Iache! Sasa Baba, iache ipi? Iache, nisiiguse, ibaki hapo uani mpaka nife? Au iache, niachane nayo, iende? Nimempigia Kaka, anasema, "Mzee ameshasema achana nayo, unauliza nini?" Nimempigia Wifi kwa siri, anasema, "Wifi, mzee kasema isiguswe." Wakabishana wenyewe kwa wenyewe humo ndani mpaka chai ikapoa. Nikasema basi mwulizeni mwenyewe. Wakakuuliza, na wewe ukawajibu, "Nimeshasema." Ukavuta blanketi. Haya, asante sana Baba.

Na muda ndio huo unakwisha. Bwana Magesa wa Kabasa, yule mwenye duka la vipuri pale Bunda, anataka jibu kabla ya Jumamosi. Anataka tubadilishane tu, kama watu wanavyobadilishana dume kwa mtamba: yeye achukue gari yangu nyekundu, sisi tuchukue ile yake ya juu, yenye milango mipana. Kaka ameenda kuiangalia, anasema injini ni nzima, na kiti cha mbele kinakuja sawasawa na makalio ya mtu mzima. Jumamosi ikipita, kuna mtu wa Mwanza anaitaka. Nakunywa chai, naiona Jumamosi ndani ya kikombe.

Unajua nilivyoipenda ile gari. Nilifanya kazi famasi miaka sita sijanunua hata kochi, watu wakinicheka, mpaka mhandisi mmoja mwenye gari hiyo alipokuwa anahama Mwanza nikamwambia, gari yako usimpe mtu. Siku niliyofika nayo Bweri watoto walikimbia nyuma yangu, na watu wazima wakaiita Kenge kwa jinsi inavyotambaa chini. Milango miwili! Shangazi akauliza, "Sasa wageni watapitia wapi?" Kwenye harusi ya Kaka tukaiweka kwenye msafara wa kwenda Bunda, katikati ya magari makubwa ya wakwe, na wewe ukasimama ukasema, "Katika msafara wa mamba, kenge wamo." Watu walicheka mpaka bwana harusi akasahau kupanda gari. Mimi siku ile nilisema mbele yenu wote kwamba hii ni gari ya kufa na kuzikana, sitaiuza, sitaiazimisha, nitazeeka nayo. Nilimaanisha. Mpaka leo nikifumba macho, mkono wangu wa kushoto unaitafuta gia.

Lakini kuna jambo Wifi aliniambia, na Wifi unisamehe kwa kukutaja. Baba, wewe hukuniambia. Ni ile Jumapili ya sikukuu ya mavuno, walipokupeleka kanisani na Kenge. Kuingia uliingia, kwa sababu kuanguka chini hakuna kazi. Kutoka ndio kukashindikana. Nyonga ikakataa, wanaume wawili wakakushika kwapani, wakakuvuta kama ndama anayekataa kuzaliwa, kofia ikaanguka, na waumini wote wamesimama mlangoni. Kuna mtu alicheka. Na tangu siku hiyo hujavuka geti. Kanisani huendi. Kiriba hujafika, wewe uliyekuwaga huko kila wiki kusafisha kaburi la Mama na kuhesabu ng'ombe wako. Bodaboda nyonga haiiwezi. Ukiulizwa unasema, "Nimechoka tu." Baba, wewe hujachoka. Wewe umeona aibu, na aibu hiyo imetoka kwenye gari yangu.

Sasa nikuambie kazi yangu ya huku, ambayo nilikuwa nakuficha kidogo. Siyo famasi bado, mpaka vyeti vyangu vikubaliwe. Niko kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kila siku natoa baba za watu kwenye magari. Nimefundishwa: unafungua mlango wote, unamgeuza makalio kwanza, miguu inafuata, unampa mkono wako, yeye ndiye anayekushika, siyo wewe unayemshika. Kwa hiyo anasimama kama mtu anayeshuka mwenyewe. Ni kitu kidogo sana. Nakifanya kwa watu ambao hata jina langu hawawezi kulitamka, na kila nikikifanya nasema moyoni, Mungu wangu, baba yangu walimvuta kwapani.

Kuna mzee mmoja hapa naye alikuwaga na gari ya namna hiyo. Ameitunza miaka na miaka, hakuiuza, iko kwa mwanawe imefunikwa. Nikamwuliza, ulifanya vizuri kuiweka? Akafikiri, akasema, "Niliifuta vumbi vizuri sana." Halafu akaomba maji. Sikujua kama amenijibu ndiyo au hapana. Naona wazee ni walewale kila mahali.

Basi nimebaki na neno lako nalitafuna. Nikakumbuka yule ng'ombe wa Mama, aliyezeeka mpaka maziwa yakakata. Mchuuzi akaja, ukamwambia, "Huyo mwache." Na akaachwa, akafa nyumbani kwake kwa uzee. Nikasema, ahaa, Baba anamaanisha gari ibaki. Nikafurahi nusu siku. Halafu nikakumbuka stendi ya Bunda siku ninaondoka. Basi linapiga honi, mimi nimekumbatia ufunguo wa gari ninalia kama nimefiwa, na wewe ukanikunjua vidole kimoja kimoja, ukaniita kama unavyoniitaga, ukasema, "Mama, iache." Ukautia ufunguo kwenye koti lako. Furaha ikaisha hapohapo. Neno ni lilelile, mdomo ni uleule!

Hapo ndipo ningekuwa mpaka leo, kama Wifi asingenitumia sauti kwenye simu wiki iliyopita. Alikuwa ananipigisha stori tu, za nyanya na za jirani. Nyuma yake nikasikia Kaka anawasha Kenge kama anavyoiwashaga kila Jumamosi. Mbuzi wa jirani wakawa wamekaa mbele ya gari, Kaka akawapigia honi, mara tatu. Halafu, Baba, nikakusikia wewe. Kutoka ndani. Ukasema kwa nguvu, "Mama amefika?"

Wifi akacheka, akasema, "Hajafika mzee, ni mbuzi." Nikasikia kiti kinasukumwa. Nikasikia miguu yako inakuja mpaka mlangoni. Wifi baadaye aliniambia ulikuja bila fimbo.

Nimeisikiliza ile sauti sijui mara ngapi. Niliisikiliza kwenye chumba cha kunywea chai mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Baba, mimi nakupigia simu ninapasuka koo na hunisikii. Ile honi unaisikia. Tangu zamani nikitoka famasi nilipigaga tatu pale kwenye kona, na nikifika geti wewe umeshasimama. Mimi nilidhani nimeipenda gari, rangi yake, mbio zake. Kumbe nilichokuwa naogopa kukikosa ni wewe kusimama getini.

Kwa hiyo nimeamua. Gari ya kufa na kuzikana iende kwa Bwana Magesa. Kiapo changu cha harusini nakimeza mbele yenu wote, chekeni. Lakini kabla haijavuka geti, Kaka amwite fundi, aitoe honi. Aifunge kwenye ile gari ya juu, na honi iliyokuwa humo aipeleke kwa Magesa, atakuwa na honi yake mwenyewe, hajapungukiwa. Kaka, usiniambie honi ni honi. Siyo honi ni honi. Ukinibadilishia, nitajua, na Baba atajua kabla yangu.

Halafu siku ya kwanza gari ikifika, Kaka asiingie ndani kukuita. Apige tatu pale kwenye kona. Wewe utauliza, "Mama amefika?" Wakujibu: hajafika, ametuma gari, vaa kofia twende Kiriba. Na Kaka afungue mlango wote, atoe mkono wake tu, asikuguse kwapani. Wewe ndiye umshike.

Ila Baba, kama neno lako nimelielewa kinyume, sema sasa. Naogopa sana kukosea. Nikikosea kwa jambo la gari nitapona, nikikosea kwa neno lako sijui nitalala vipi.

Nisalimie Kaka Mafuru, mwambie Kenge ameionea wivu miaka yote na sasa ataendesha gari ya wazee. Nisalimie Shangazi wa Bunda na pamba yake, mwambie milango sasa ni minne na mmoja wa nyuma, wageni wapite watakavyo. Nisalimie Mama Mdogo wa Butiama, nimeota anakaanga dagaa na hakunipa. Na yule mzee wa kanisa aliyeokota kofia yako siku ile, mpe mkono kwa niaba yangu. Aliyecheka simsalimii.

Mungu akukalie karibu mpaka nitakapofika mwenyewe. Ni mimi mwanao, niliyepewa jina la mama yako, ndiyo maana unaniita Mama na sijawahi kukukatalia kitu,

Nyanjura

Wifi, haya ya chini yasome wewe mwenyewe kimoyomoyo. Ufunguo uko kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani. Kaka huwa anapewa Jumamosi na kuurudisha palepale. Mpaka Jumamosi msiuombe. Mkishamaliza barua kaeni kimya, menyeni viazi, fanyeni lolote. Akiingiza mkono kwenye koti akaweka ufunguo mezani, usimwulize kitu. Nipigie tu, nitajua "iache" ilikuwa ipi. Na asipouweka, nipigie vilevile, ili niache kusubiri.