Acha Kunishikilia

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye usukani? Sisi wazima, ila mama ananung'unika kwamba siku hizi unabipu tu.

Kazi yetu ya kutafsiri Injili kwa lugha ya alama imefika asubuhi ile kaburini, na mdogo wetu Vidole ndiye anayeigiza Mariamu. Tulisharekodi. Yesu anamwambia kwa alama, "Usiniguse." Vidole alipoitazama video, akavua kitambaa cha maigizo na kuniambia kwa mikono, "Hii sikubali. Kiziwi asipoguswa bega, ataitwaje? Huyu ananifukuza."

Nikarudi kwenye Kigiriki. Kaka, alikuwa na haki ya kukasirika, na kosa lilikuwa letu sote. Kitenzi kile, haptou, kiko katika hali ya jambo linaloendelea. Kikitanguliwa na mē, yaani "usi-", mara nyingi maana yake ni: acha unachokifanya tayari. Kwa hiyo Mariamu hakuzuiwa kugusa. Alikuwa ameshamng'ang'ania.

Nikampelekea mkuu wa mradi. Akasema kazi imefungwa, watu hawataona tofauti.

"Wataiona," nikamwambia. "Hao wanasikiliza kwa macho."

Akachukua mkoba wake aondoke. Vidole alikuwa mlangoni. Akamkamata mkono wa shati kwa mikono yote miwili. Mzee wa watu akavuta, wapi! Wakatoka hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi, Vidole kamganda kama ruba, mimi nyuma yao sijui nicheke au niombe radhi.

"Dada, usinishike bwana," akasema mkuu.

Nikamuuliza, "Unamwambia asianze, au aache?"

Akaitazama ile mikono kwenye shati lake. Akacheka. "Mwambie aache. Nimeelewa. Mrekodi upya."

Jana tukarekodi. Safari hii Vidole anamshika kwa nguvu, na yule seremala kiziwi anayeigiza Yesu anaibandua mikono yake taratibu, bila kuisukuma. Anamwambia: acha kunishikilia, nenda ukawaambie ndugu zangu.

Zimebaki sura chache, na nimeapa hakuna kitenzi kitakachopita kimelegea mbele ya macho yangu. Wakinichoka, wanichoke.

Msalimie sana wifi, na yule mtundu wako wa mwisho. Mama anakuombea kila ukiwa safarini, nami naitikia amina.

Nilisahau kukwambia. Vidole alipoagizwa aende, alienda kweli. Alipita kamera, akapita mlango, akashuka ngazi mbio. Mpiga picha akapiga kelele, "Kata!" kana kwamba atasikia. Nilimkuta barabarani na kanzu ya Mariamu, anawapa habari wapita njia kwa mikono yote miwili.

Mungu akutunze popote gari lilalapo.

Mdogo wako akupendaye