Maziwa yenye makaa

Silibwet, Jumatano usiku. Mwezi wa tatu tangu nitoke Sengerema.

Yale maziwa bado siyaamini. Jioni mama mwenye nyumba alinimiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu, mazito, yenye chembe nyeusi. Mwanawe Kiprono ndiye aliyekuwa akichuma chai pale ninapochuma mimi sasa. Mwenye shamba alimfukuza, akaniweka mimi. Kwa nini wanikaribishe leo?

Nikauliza, "Hii nyeusi ni nini, mama?"

"Ni makaa ya mti. Inafanya maziwa isiharibike."

Kiprono akacheka. "Kunywa, Mtanzania. Ama unaogopa sisi?"

Kwetu mgeni hapewi makaa. Maziwa yakiingia uchafu tunampa paka.

Mama akachukua kikombe, akanywa nusu, akanirudishia. Chumba ninamolala ni chake, ningekataa vipi tena? Nikamaliza. Ni machachu na, kusema kweli, matamu.

Lakini Kiprono hakuonja. Alisema ameshiba. Ameshiba nini, na ugali ulikuwa bado jikoni?

Sasa tumbo linanguruma. Likitulia, nitarudi nyumbani Krismasi. Lisipotulia, kesho asubuhi.