Viputo vya Papa Lusamba

Jumamosi, 1 Februari
Kurasa tatu za katuni za Papa Lusamba zimefika kwa posta. Nimezitandaza juu ya meza ya jikoni, nimeanza kujaza viputo vya maneno. Kazi yetu haijabadilika tangu toleo la kwanza. Yeye huchora kwa wino huko Norsborg, mwisho wa reli, na kuacha viputo vitupu. Mimi hapa Bredäng najaza maneno kwa mwandiko wangu. Kisha mashine ya kunakili ya maktaba, kukunja, pini mbili mgongoni, na watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi wanasoma. Kikosi cha Laini Nyekundu: mashujaa watano wa treni ya chini ya ardhi. Hili ni toleo la kumi na mbili. La nne lilitoka kurasa zikiwa kichwa chini. Watoto walilipenda kuliko yote.

Viputo vimekuwa vikubwa. Hatimaye mzee ametambua kwamba maneno yangu ni matamu.

Jumanne, 4 Februari
Nimetoa matoleo ya zamani kulinganisha. La nane, viputo kama kijiko. La kumi, kama kisahani. Sasa ni sinia.

Babu Breki, mmoja wa mashujaa wetu, husimamisha treni kwa kiganja kimoja na hajawahi kusema zaidi ya "Tulia." Leo nimemwandikia mistari kumi na minne. Anahutubia kama mbunge. Najipenda.

Jumapili, 9 Februari
Ukurasa wa tano umefika. Kiputo kimoja, karibu ukurasa mzima. Chini kabisa, kofia ya Babu Breki. Kofia tu!

Huu sasa ni uvivu. Watoto wanangoja toleo tarehe mosi Machi. Nimempigia simu, nimesema maneno ambayo sitayaandika hapa. Amejibu, "Pardon, dada," basi. Hilo limenikera zaidi.

Jumatano, 12 Februari
Nimekwenda Norsborg bila kumwarifu. Amenikaribisha chai. Kikombe chake alikijaza nusu, akakishika kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika. Mkono wa kulia unatetemeka.

Mimi! Kila zamu ya asubuhi nawalisha wazee wenye mikono kama hiyo. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi niliambiwa ukurasa baada ya ukurasa.

Akatoa karatasi chini ya mto wa kochi. Nyuso za Babu Breki, nyingi, zote zimeachwa katikati.

"Mukono inakataa, dada," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Nilikuwa nafichaka. Kiputo kikubwa, kazi kidogo."

Ameshaonana na daktari, anameza vidonge. Anataka kuacha. Tutafute mtu wa kompyuta atuchoree, anasema.

Nina aibu. Na nampenda mzee huyu. Miaka yote hii sijawahi kuliandika hilo.

Jumamosi, 15 Februari
Hotuba nimeiondoa. Wino haufutiki, kwa hiyo nimebandika karatasi nyeupe juu yake. Ukurasa wa tano nimempelekea mwenyewe. Nimemwomba amchore Babu Breki mzima, mistari itetemeke inavyotaka. Amekataa. Watoto watamcheka, anasema. Nikamwambia hata la nne walicheka, wakaomba lingine. Ukurasa nimemwachia mezani.

Alhamisi, 20 Februari
Hakuna barua. Theluji. Nimekuwa mkali kwa kila mtu kazini.

Bila yeye sitoi. Bora Kikosi kiishie toleo la kumi na moja.

Jumanne, 25 Februari
Bahasha!

Babu Breki yupo, ukurasa mzima, kiganja mbele ya treni. Kila mstari unatetemeka: mkono, reli, hata ndevu. Kiputo hakuna. Nimeutazama mpaka chai imepoa. Sijaongeza neno.

Jumamosi, 1 Machi
Toleo la kumi na mbili limetoka.

Papa Lusamba alikuja darasani. Alikaa nyuma karibu na mlango, mkono wa kulia mfukoni. Watoto walisoma kimya mpaka ukurasa wa tano. Neema, mwenye miaka saba, akauliza kwa Kiswidi mbona Babu Breki anatetemeka. Amina, jirani yake, hakuinua hata kichwa.

"Si unaona treni ni nzito," alisema.

Wakafungua ukurasa wa sita.

Nilimtazama Papa Lusamba. Alikuwa ameutoa mkono mfukoni, ameuweka juu ya meza, unatetemeka mbele ya kila mtu. Hakuna aliyemjali. Walikuwa wanasoma.

Mlangoni amenipa bahasha. Nimeifungua hapa nyumbani, koti bado mwilini. Ukurasa wa kwanza wa toleo la kumi na tatu. Amejaza michoro mpaka pembeni. Viputo ni vidogo kama punje za maharage.

Sasa maneno yangu yote nitayaweka wapi? Nimelia kidogo. Kisha nimetafuta kalamu nyembamba.