Neno Alilolisema Gemma Dukani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Edwin Barraclough. Umri: miaka 76. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: Halifax, Uingereza.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa sita mchana, nilikuwa kwenye foleni ya duka la samaki na chipsi karibu na kwangu. Mbele yangu alisimama Gemma Thackray, binti anayehudumia wazee majumbani. Mbele yake alikuwa jirani yangu, mzee Clifford Sugden. Mvua ilinyesha na sakafu ilikuwa imelowa.

Sugden aligeuka akanitania, "Mwalimu, mfuko huo wote, unabeba samaki au unahama?"

Nikamwambia, "Agiza chako, mzee, tusife njaa."

Alicheka. Alipogeukia mbele, mkongojo wake uliteleza, akaanguka kwa ubavu.

Akiwa chini, miguu imeziba njia, alituambia, "Sori, nawachelewesha."

Gemma alipiga magoti. "Sori, mzee. Sori sana. Usijaribu kuinuka."

Mwenye duka, Bwana Hirst, alikuwa ameinamia karai la mafuta. Alipoinua kichwa alimkuta binti juu ya mzee. Akauliza, "Mbona unaomba msamaha? Umemsukuma?"

Gemma alisema, "Sori, sijakusikia."

Hirst akasema, "Basi, amekiri. Nyote mmesikia."

Sugden alifariki hospitalini Jumapili. Gemma amesimamishwa kazi, na nimeambiwa huenda akashtakiwa.

Nimefundisha lugha yetu ya Kiingereza miaka mingi, naomba nieleze kidogo. Wapo watu wenye neno la kumpa pole aliyeumia, na jingine la kuomba radhi. Sisi tunatumia hilohilo kwa yote. Tunalisema msibani. Tunalisema tukitaka siki zaidi. Mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayelisema. Bwana Hirst analijua hilo, maana hulisema kila chipsi zikichelewa.

Lakini sitegemei neno. Kwenye foleni hatusogeleani. Kati ya Gemma na Sugden palikuwa na nafasi, na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alikuwa akipita hapo kuelekea mlangoni wakati mzee anaanguka. Mkono wa Gemma usingefika. Mama huyo simjui jina, naomba atafutwe.

Na kama neno hilo ni kukiri, basi marehemu alikiri kabla ya Gemma. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake, na mzee huyo hakuwa amemkosea mtu.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa nami nimeyakubali.

Sahihi: E. Barraclough

Maelezo ya ofisa: Shahidi alikuwa mtulivu. Wakati wa kutia sahihi kalamu yangu ilianguka, akainama kuiokota, akaniambia, "Sori." Kisha akaomba niliandike na hilo. Nimeliandika.